Kupanda Kilimanjaro: Dalili za ugonjwa wa mwinuko na wakati wa kushuka bila kubishana

Mbebe. Kwa mtu aliyekulia Mbebe, wilayani Ileje mkoani Songwe, kupanda na kushuka ni sehemu ya maisha. Wilaya ni ya milima na mabonde, na watu huzoea mwinuko tangu utotoni. Kwa hiyo akipata nafasi ya kupanda Mlima Kilimanjaro, iwe kwa utalii wa ndani, safari ya chuo au kazi ya kubeba mizigo, hana hofu. Anaiamini miguu yake.

Miguu ni mizuri, lakini Kilimanjaro kinachomwangusha mtu mara nyingi si miguu. Ni hewa. Ugonjwa wa mwinuko humpata mkulima, mwanajeshi, mwanamichezo na hata mtu aliyewahi kufika kileleni mwaka uliopita bila shida. Ukianza ni mdogo na unatibika kirahisi. Ukipuuzwa unaua ndani ya saa chache.

Haya ndiyo ya kujua kabla ya safari, na ya kufanya ukiwa mlimani.

Ni ugonjwa gani?

Ni hali inayompata mtu aliyepanda kwenda mahali pa juu kwa haraka kuliko mwili wake unavyoweza kuzoea. Kwa wengi huanza baada ya kupita mita 2,500 kutoka usawa wa bahari.

Watu husema "juu hakuna oksijeni". Si kweli kabisa. Kileleni, kama ilivyo Dar es Salaam, oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa.

Fikiria magunia ya mahindi yaliyopangwa stoo. Gunia la chini kabisa limebanwa na yote yaliyo juu yake. La juu kabisa halijabanwa na kitu. Hewa ni hivyo hivyo: pwani imebanwa, mlimani imelegea. Ukivuta pumzi moja kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, unapata karibu nusu tu ya oksijeni ambayo pumzi hiyo hiyo ingekupa ufukweni.

Mwili unajua kujirekebisha. Kwanza unapumua haraka na moyo unapiga kwa kasi. Kisha figo zinaanza kurekebisha kemikali za damu ili upumuaji huo wa kasi uendelee bila kukudhuru. Hilo huchukua siku kadhaa. Kuongeza chembe nyekundu za damu huchukua wiki. Hakuna mazoezi ya gym wala ujasiri unaoharakisha kazi hiyo. Inataka muda tu.

"Mimi natoka milimani, siumwi"

Hapa ndipo watu wa Nyanda za Juu Kusini wanapojidanganya. Sehemu kubwa ya makazi ya Songwe na Mbeya iko kati ya mita 1,000 na 2,000. Baridi ipo, ukungu upo, lakini mwinuko huo ni wa chini mno kuuandaa mwili kwa mita 4,000 na kuendelea.

Mlima Rungwe, ambao vijana wengi wa ukanda huu wameupanda, una urefu wa karibu mita 2,960. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi. Hapo ndipo ugonjwa huu unapoanza kubisha hodi, na wengi hupanda na kushuka siku hiyo hiyo. Kwa hiyo Rungwe itakuonyesha kama viatu vinabana na kama pumzi ipo. Haitakuonyesha mwili wako utafanyaje usiku wa tatu ukiwa mita 3,700.

Kuna jambo jingine. Vijana wenye nguvu huwa hatarini kwa sababu ya nguvu zao. Wanatembea haraka, wanawapita wenzao, wanafika kambini saa mbili kabla ya wengine. Jioni kichwa kinagonga. Mzee aliyekuwa anajikokota nyuma anakula vizuri na kulala.

Dalili za mwanzo

Huanza kati ya saa sita na 12 baada ya kufika mahali papya pa juu, au usiku wa kwanza. Dalili kuu ni maumivu ya kichwa. Pamoja nayo huja moja au zaidi ya hizi:

- Kichefuchefu au kutapika
- Kukosa hamu ya kula
- Kizunguzungu
- Uchovu usioendana na kazi uliyofanya

Anayeugua hivi huonekana kama mtu aliyeamka na hangover ya pombe. Ni hali ya kawaida mlimani na haimaanishi safari imeisha. Lakini ina sharti moja: usipande juu zaidi ukiwa na dalili hizi. Baki hapo hapo, pumzika, kunywa maji, kula kidogo kidogo. Parasetamoli au ibuprofeni husaidia kichwa, ila ibuprofeni haimfai mwenye vidonda vya tumbo au matatizo ya figo.

Wengi hupata nafuu ndani ya siku moja au mbili. Wakipona kabisa, wanaendelea. Wasipopona, au hali ikizidi, wanashuka.

Kingine kinachoshtua watu usiku ni mwenzao wa hema kupumua kwa kasi, kisha kunyamaza sekunde kadhaa kama hapumui, halafu kuvuta pumzi kwa nguvu. Hilo huwapata wengi mlimani wakiwa usingizini. Likiwa peke yake, bila dalili nyingine, si la kutisha.

Dalili za hatari: hapa hakuna kusubiri asubuhi

Ugonjwa ukikomaa huenda sehemu mbili: kichwani au kifuani. Zote mbili zinaua.

*Ubongo kuvimba.* Mgonjwa anayumba kama mlevi. Anaongea vitu visivyoeleweka, anasahau yuko wapi, anakuwa mkali au anazubaa, anataka kulala tu. Baadaye hupoteza fahamu.

Kuna kipimo kisichohitaji kifaa. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, kama hatua kumi hivi. Anayeyumba au kuanguka, wakati wenzake wanaweza, achukuliwe kuwa ana uvimbe wa ubongo.

*Maji kwenye mapafu.* Hii huja zaidi siku ya pili hadi ya nne baada ya kupanda. Huanza kwa mtu kubaki nyuma ghafla, kila hatua inamchosha. Anakohoa. Kisha anahema hata akiwa amekaa. Midomo na kucha hubadilika rangi kuwa za bluu au kijivu. Kwa mtu mweusi angalia ndani ya midomo, ulimi na chini ya kucha. Kifua kinakoroma. Mwishoni hutoa makohozi yenye povu, wakati mwingine ya rangi ya waridi.

Kipimo cha haraka: mwache apumzike dakika kumi au 15. Aliyechoka kawaida pumzi hurudi. Anayeendelea kuhema akiwa amekaa, huyo ni mgonjwa. Tena maji kwenye mapafu yanaweza kumpata mtu ambaye hata kichwa hakikumuuma.

Dawa ya kwanza ni kushuka

Mtu mwenye dalili za hatari ashushwe mara moja, hata kama ni saa nane usiku na nje kuna baridi kali. Mara nyingi kushuka mita 300 hadi 1,000 kunabadilisha hali. Mgonjwa aliyekuwa hajitambui huweza kuanza kuongea vizuri akifika chini.

Mambo ya kuzingatia wakati wa kushuka:

1. Asishuke peke yake. Aende na watu wawili au zaidi, mmoja akiwa mwongozaji anayeijua njia. Aliyevimba ubongo anaweza kupotea au kutumbukia korongoni akidai yuko sawa.
2. Asibebe chochote. Begi lake libebwe na mwingine.
3. Afunikwe vizuri. Baridi huzidisha maji kwenye mapafu.
4. Asitumie nguvu nyingi. Kama ana shida ya pumzi, ni bora abebwe. Kilimanjaro kuna machela zenye tairi moja kwa kazi hiyo.
5. Oksijeni ikiwepo apewe, lakini mtungi usiwe sababu ya kuendelea kukaa juu. Oksijeni humpa mgonjwa muda wa kushuka. Haichukui nafasi ya kushuka.

Mwongozaji awasiliane na askari wa hifadhi kwa redio au simu mapema, wakati mgonjwa bado anaweza kutembea. Helikopta ya uokoaji huweza kuitwa, lakini ukungu na upepo ukiwepo hairuki. Mpango wa kwanza uwe miguu na machela. Akifika chini, hospitali kubwa ya rufaa iliyo jirani ni KCMC, mjini Moshi.

Zipo dawa za dharura: deksamethasoni kwa ubongo uliovimba na nifedipini kwa maji kwenye mapafu. Hizi zitolewe na aliyefunzwa, na mgonjwa akishapata nafuu bado anashuka. Hatari ya deksamethasoni ni kwamba inamfanya mgonjwa ajisikie amepona wakati mwili haujazoea. Akipandishwa tena kwa sababu "sasa yuko fiti", anaweza kuanguka dawa ikiisha nguvu.

Namna ya kuzuia: hesabu mita unazolala

Kanuni inayotumiwa na madaktari wa milimani ni hii: ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 za mahali pa kulala kwa usiku mmoja. Na kila baada ya siku tatu au nne, lala usiku wa ziada mahali pale pale.

Kinachohesabiwa ni unapolala. Mchana unaweza kupanda juu zaidi, mradi urudi chini kulala. Waongozaji wana msemo wao: panda juu, lala chini.

Sasa linganisha na njia ya Marangu, inayotumika sana na Watanzania kwa sababu ina vibanda vya kulala:

- Geti la Marangu: karibu mita 1,870
- Mandara: mita 2,720
- Horombo: mita 3,720
- Kibo: mita 4,720
- Uhuru: mita 5,895

Kutoka Mandara hadi Horombo ni mita 1,000. Kutoka Horombo hadi Kibo ni mita 1,000 nyingine. Yaani kila siku unaongeza mara mbili ya kinachoshauriwa. Halafu usiku wa manane unaamshwa kupanda mita 1,175 za mwisho.

Ndiyo maana safari ya siku tano ya Marangu huwaumiza wengi. Wanaoongeza siku ya sita hulala Horombo usiku mara mbili. Mchana wa katikati hutembea hadi kwenye Miamba ya Pundamilia kisha hurudi. Siku hiyo moja huonekana kama gharama ya bure kwa anayelipa. Kwa kweli ndiyo siku yenye thamani kuliko zote.

Njia ya Machame na ya Lemosho ni ndefu, lakini zimekaa vizuri zaidi kwa mwili. Wapandaji hupita Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha hushuka kulala Barranco, kwenye mita 3,900 na ushei. Hapo ndipo "panda juu, lala chini" inapofanya kazi. Kwenye njia hizo pia, siku nyingi ni bora kuliko chache.

Mwenye muda na pesa anaweza kuanza na Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500. Hulala Miriakamba, mita 2,514, kisha Saddle, mita 3,570. Akienda Kilimanjaro siku chache baadaye, mwili unakuwa umeshapata somo la kwanza.

Kabla hujapanda basi Tunduma

Safari ya basi kutoka Tunduma hadi Moshi ni ndefu mno. Unapita Mbeya, Iringa, Morogoro na Chalinze, kisha unakata kuelekea Korogwe na Same. Unafika umevimba miguu, umelala vibaya, umekula chipsi za njiani. Usiende getini kesho yake alfajiri. Pumzika Moshi walau siku moja. Mji huo uko chini ya mita 1,000, kwa hiyo hautakuzoesha mwinuko, lakini utaondoa uchovu ambao mlimani ungechanganywa na ugonjwa.

Wiki chache kabla ya safari, muone daktari kama una lolote kati ya haya:

- Ugonjwa wa selimundu. Mwenye ugonjwa huu asipande milima mirefu. Oksijeni ikipungua, chembe za damu hujikunja na kuziba mishipa. Hata mwenye chembe za kurithi upande mmoja tu, ambaye maisha yote hajawahi kuumwa, anaweza kupata maumivu makali ya bandama akiwa juu. Kama kwenu kuna mwenye selimundu, pima kwanza.
- Ugonjwa wa moyo au mapafu, au upungufu wa damu
- Presha au kisukari kisichodhibitiwa
- Ujauzito
- Historia ya kuumwa mlimani, hasa maji kwenye mapafu

Uliza pia kuhusu asetazolamaidi, inayojulikana zaidi kwa jina la Diamox. Husaidia figo kufanya kazi ile ya kurekebisha damu kwa haraka zaidi. Kwa mtu mzima, kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Utakojoa sana, vidole vitachezewa na ganzi na soda itapoteza ladha. Asiyepatana na dawa za salfa amwambie daktari mapema. Usiinunue dirishani duka la dawa na kuimeza kwa kubahatisha, na usiione kama ruhusa ya kukimbia.

Ukiwa njiani

*Tembea polepole.* Wageni kutoka dunia nzima wanaondoka Kilimanjaro wakijua maneno mawili ya Kiswahili: "pole pole". Hayo si mapambo ya kitalii. Mwendo sahihi ni ule unaokuwezesha kuongea sentensi nzima bila kuhema.

*Kunywa maji ya kutosha.* Mkojo uwe wa rangi ya njano hafifu. Maji hayazuii ugonjwa wa mwinuko, ila ukosefu wa maji huleta maumivu ya kichwa yanayofanana nao. Usinywe kupita kiasi pia.

*Kula hata kama hamu haipo.* Uji, supu, wali na viazi hushuka kirahisi kuliko vyakula vya mafuta mengi.

*Acha pombe na dawa za usingizi.* Hupunguza upumuaji usiku, wakati ambao mwili unahitaji hewa zaidi. Sigara nayo haina la maana.

*Usiwashe jiko ndani ya hema.* Moshi wa mkaa au gesi hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na dalili zake za mwanzo ni kichwa na kichefuchefu. Wenzako watadhani ni mwinuko, kumbe unakufa kwa sumu.

*Usipuuze homa.* Malaria nayo huleta kichwa, kutapika na uchovu, na mtu anaweza kuwa aliambukizwa siku kadhaa kabla hajafika mlimani. Joto likiwa juu, mtu ashuke akapimwe. Ukiwa juu na hujui ni kipi kati ya viwili, chukulia ni mwinuko na ushuke. Ikiwa ni malaria, kushuka hakujaharibu kitu, na kipimo kiko chini.

*Kipimo cha kubana kidoleni kisikudanganye.* Waongozaji wengi hupima oksijeni ya damu asubuhi na jioni. Namba mlimani huwa chini kwa kila mtu, na vidole vya baridi huzishusha zaidi. Anayejisikia vibaya ni mgonjwa hata kama namba yake ni nzuri.

Wagumu nao huugua

Wapagazi wa Kilimanjaro, wenyewe huitana wagumu, hupanda na kushuka mara nyingi kwa msimu. Jina hilo huwafanya watu wasahau kwamba nao ni binadamu. Kijana aliyetoka mkoani kutafuta kazi Moshi au Marangu, na hajawahi kulala juu, yuko kwenye hatari ile ile ya mtalii. Zaidi ya hapo, amebeba mzigo, ambao kwa kanuni za hifadhi haupaswi kuzidi kilo 20, na nguo zake si nzito kama za mgeni.

Mgumu anayeogopa kukosa ujira hunyamaza. Kichwa kinauma, anameza Panadol na kuinua begi. Mwongozaji mzuri huwauliza wagumu wake kila jioni kama anavyowauliza wageni, na anayeumwa hushushwa na mtu wa kumsindikiza. Mgonjwa anayeteremshwa peke yake njia nzima ameachwa, hajasaidiwa.

Anayekodi kampuni ya kupandisha watalii ana haki ya kuuliza maswali mapema: Mna mtungi wa oksijeni? Nani amefunzwa huduma ya kwanza? Mgumu akiumwa inakuwaje? Jibu la swali la tatu huonyesha mengi kuhusu lile la kwanza.

Tatizo kubwa ni kuficha

Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na Mwenge wa Uhuru kwenye kilele cha Kilimanjaro. Tangu hapo kilele kinaitwa Uhuru, na kila Desemba makundi ya Watanzania hupanda kuadhimisha siku hiyo. Ni jambo zuri. Lakini kwenye kundi, mtu huona aibu kusema anaumwa. Nyumbani wamechanga. Ofisini wanasubiri picha. Amelipa pesa nyingi na likizo ni hiyo hiyo.

Kwa hiyo anaficha. Anamwambia mwongozaji "niko poa". Anakula chakula akatapike nyuma ya jiwe. Saa sita usiku anatoka Kibo au Barafu na wenzake, giza na baridi chini ya sifuri, na hakuna anayeuona uso wake ukibadilika.

Familia na marafiki wana sehemu yao hapa. Anayesubiri nyumbani Mbebe amwambie msafiri kabla hajaondoka kwamba akirudi bila kufika kileleni, atapokelewa vile vile. Hata hifadhi hutoa cheti kwa anayefika Gilman's Point au Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, kabla ya Uhuru. Na anayeishia Horombo amelala juu kuliko kilele chochote cha Nyanda za Juu Kusini.

Si Kilimanjaro pekee

Kanuni hizi ni zile zile Mlima Kenya, ambako wapandaji wengi huishia kilele cha Lenana, mita 4,985, na Milima ya Rwenzori mpakani mwa Uganda na Kongo, yenye kilele cha Margherita, mita 5,109. Zinamhusu pia msafiri wa ndege asiyepanda mlima wowote. Anayetua La Paz, Bolivia, analala kwenye mita 3,600 hivi usiku wa kwanza tu. Siku mbili za mwanzo afanye kazi kidogo, asinywe pombe, na akiumwa kichwa asilaumu safari.

Hifadhi hii kwenye simu kabla mtandao haujakata

1. Kichwa kikiuma mlimani, ni ugonjwa wa mwinuko hadi ithibitike vinginevyo.
2. Una dalili? Usipande. Baki hapo hadi zipotee.
3. Dalili zinazidi? Shuka.
4. Anayumba, amechanganyikiwa au anahema akiwa amekaa? Mshusheni sasa hivi, usiku au mchana.
5. Mgonjwa haachwi peke yake, awe mgeni au mgumu.
6. Mwambie mwongozaji ukweli kila jioni, hata kama ni kichwa kidogo tu.